Tuanzie Wapi Kuhesabu

Aliyewahi kupanda mwembe au mkarafuu wenye kiota cha majimoto anaijua asidi ya methanoiki, hata kama jina hilo hajawahi kulisikia. Sisimizi hao wa rangi ya kutu hung'ata kwanza, kisha hunyunyiza asidi juu ya jeraha, na ule uchungu unaochoma ndio uliowapa jina lao. Ulaya nako wapo sisimizi wenye silaha hiyo hiyo. Mwaka 1671 Mwingereza John Ray aliandika habari za maji makali yaliyopatikana kwa kukeneka sisimizi, na baadaye wanakemia wakaiita asidi hiyo kwa neno la Kilatini la mdudu huyo, formica. Ikawa asidi ya fomiki.

Majina mengi ya zamani yalipatikana hivyo. Siagi iliyochacha ilitoa asidi ya butiriki, kutokana na butyrum, siagi kwa Kilatini. Mafuta ya maziwa ya mbuzi yalitoa asidi tatu, na zote tatu zikabeba jina la mbuzi, capra: kaproiki, kapriliki na kapriki. Nayapenda majina haya. Yamehifadhi kumbukumbu ya watu waliofanya kazi kwa pua na ulimi kabla ya kuwa na vyombo, na ingekuwa hasara kuyafuta kabisa. Ila mpe mwanafunzi chupa tatu zenye majina hayo, umuulize ipi ina atomi sita za kaboni, ipi nane na ipi kumi. Hana pa kushika. Jina linamwambia kitu kiliokotwa wapi, halimwambii kitu chenyewe kimeundwaje.

Kufikia katikati ya karne ya 19 tatizo lilikuwa limewafikia hata mabingwa. Mwaka 1861 Mjerumani August Kekulé alichapisha katika kitabu chake cha kufundishia orodha ya fomula 19 tofauti zilizokuwa zikitumiwa kuandika asidi ya asetiki, yaani ile asidi ya siki. Kitu kimoja kilichomo katika kila jiko, maandishi 19. Wanakemia walikuwa bado hawajakubaliana atomi zimeshikana vipi, na kwa hiyo hawakuweza kukubaliana kuhusu majina.

Walipokubaliana, likazuka tatizo la pili, nalo linatokana na tabia ya kaboni yenyewe. Kila atomi ya kaboni hushikana na nyingine kwa vifungo vinne, na inaweza kushikana na kaboni wenzake katika mstari, katika matawi au katika pete. Chukua kaboni tano na haidrojeni 12. Zinaweza kupangwa kwa namna tatu, na kila namna ni kitu tofauti chenye kiwango chake cha kuchemka. Vitu kama hivyo, vyenye atomi zile zile katika mpangilio tofauti, huitwa isoma. Kaboni kumi na haidrojeni 22 zina isoma 75. Ukifika kaboni 20 na haidrojeni 42, isoma zinazowezekana kwenye karatasi ni 366,319. Hapo bado hatujaingiza oksijeni, naitrojeni wala klorini. Hakuna wanyama na mimea ya kutosha duniani ya kuvipa majina vitu vyote hivyo, na hata ingekuwepo, hakuna kichwa cha kuyahifadhi.

Aprili 1892 wanakemia 34 kutoka nchi tisa za Ulaya walikutana Geneva kulimaliza jambo hilo. Aliyeongoza mkutano alikuwa Mfaransa Charles Friedel. Walikuwepo Adolf von Baeyer na Emil Fischer kutoka Ujerumani, Stanislao Cannizzaro kutoka Italia, Henry Armstrong na William Ramsay kutoka Uingereza. Walichotaka ni kwamba kila kampaundi iwe na jina moja rasmi ambalo mtu anaweza kulitafuta katika faharasa, na kwamba jina hilo litokane na umbo la molekuli. Hawakumaliza kazi. Umoja wa kimataifa wa kemia, IUPAC, ulioundwa mwaka 1919, uliipokea. Kanuni mpya zikapitishwa Liège, Ubelgiji, mwaka 1930, na tangu hapo kitabu cha kanuni kimeendelea kunenepa. Toleo la mwaka 2013 lina kurasa zaidi ya elfu moja.

Kurasa elfu moja zinatisha, na ndiyo sababu wanafunzi wengi hukariri kanuni kumi na mbili za mtihani, wakazisahau siku wanapotoka kwenye chumba cha mtihani. Nadhani wanafundishwa kutoka upande usiofaa. Karibu kanuni zote zinajibu swali moja: tuanzie wapi kuhesabu? Fikiria unamwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa simu. Ukimwambia "nyumba ya nne" hujamwambia kitu, mpaka mkubaliane barabara ni ipi na mnahesabu kutoka upande upi. Mkishakubaliana, neno moja linatosha. Jina la kikemia ni maelekezo ya aina hiyo, na kanuni ni yale makubaliano ya awali yanayowafanya watu wawili wasiojuana, mmoja Dodoma na mwingine Osaka, wachore molekuli ile ile.

Barabara yenyewe ni mnyororo wa kaboni. Tafuta mnyororo mrefu kuliko yote, uhesabu kaboni zake, na idadi hiyo ndiyo mzizi wa jina. Mizizi minne ya kwanza ni urithi wa enzi za sisimizi na siagi: meth kwa kaboni moja, eth kwa mbili, prop kwa tatu, but kwa nne. Hiyo but ni siagi ile ile, imebaki hadi leo katika butani ya mtungi wa gesi. Kuanzia tano mizizi inatokana na hesabu za Kigiriki na Kilatini: pent, heks, hept, okt, non, dek. Asidi zetu za mbuzi sasa zinajitambulisha zenyewe: heksanoiki, oktanoiki, dekanoiki. Sita, nane, kumi.

Baada ya mzizi inakuja sehemu inayosema kaboni zimeshikana kwa vifungo vya aina gani. Mjerumani August Wilhelm Hofmann ndiye aliyependekeza, mwaka 1866, kwamba irabu zitumike kwa mfuatano wake, a, e, i, o, u, kila hatua ikionyesha kwamba haidrojeni mbili zaidi zimetoka. Mpango wake haukudumu mzima, lakini hatua zake za mwanzo ndizo tunazotumia. Tamati -ani ni vifungo vya kawaida vitupu: methani, ethani, propani. Tamati -eni inaonyesha kwamba mahali fulani kuna kifungo maradufu. Etheni ndiyo gesi inayotoka kwenye ndizi zinapoiva, na ndiyo inayofanya kazi tunapozivundika. Kifungo mara tatu ni -aini, na ethaini ndiyo ile asetilini ya mafundi wa kuchomelea vyuma.

Kinachozidi katika mnyororo mkuu ni tawi. Tawi hutajwa kwanza, kabla ya mzizi, likiwa na tamati -ili na namba ya kaboni lilikoshikilia. Sasa tujaribu kitu kizima.

Ubora wa petroli hupimwa kwa namba ya oktani, na kipimo hicho, kilichotokana na kazi ya Mmarekani Graham Edgar katika miaka ya 1920, kina alama mbili. Heptani, inayowaka vibaya na kuifanya injini igonge, imepewa sifuri. Mia imepewa kitu ambacho wafanyabiashara wa mafuta wanakiita isooktani. Jina hilo linapotosha. Anayelisikia anadhani ni ndugu wa karibu wa oktani ya kawaida, ile yenye kaboni nane katika mstari mmoja, ilhali oktani ya kawaida ni mbaya kwa injini kuliko hata heptani. Namba yake iko chini ya sifuri. Kinachoipa isooktani ubora wake ni matawi, na neno "iso" halisemi matawi hayo ni mangapi wala yako wapi.

Jina la kanuni ni 2,2,4-trimethilipentani. Lisome kutoka mwisho. Pentani: chora kaboni tano kwa mstari, vifungo vyote vya kawaida. Trimethili: kuna matawi matatu, kila moja la kaboni moja. 2,2,4: mawili yako kwenye kaboni ya pili, moja kwenye kaboni ya nne. Tano na tatu ni nane, hapo ndipo neno oktani lilipotokea. Jaza haidrojeni mpaka kila kaboni itimize vifungo vyake vinne, umemaliza. Mtu ambaye hajawahi kusikia habari za petroli angechora umbo hilo hilo.

Ila kwa nini tuhesabu kutoka upande huo? Ukianzia ncha ya pili, matawi yanaangukia 2,4,4. Kanuni inataka ulinganishe orodha mbili namba kwa namba, kuanzia ndogo, na pale zinapotofautiana kwa mara ya kwanza, iliyo ndogo hushinda. Mbili kwa mbili, sawa. Mbili kwa nne, ya kwanza imeshinda. Nasisitiza hapa kwa sababu wengi wameshikilia kwamba namba zinajumlishwa na jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Mara nyingi njia hiyo inaleta jibu sahihi kwa bahati, ikiwemo hapa. Kisha unakutana na dekani yenye methili tatu ambazo kutoka upande mmoja ziko 2,7,8 na kutoka upande wa pili 3,4,9. Jumla ya kwanza ni 17, ya pili 16. Jina sahihi hata hivyo ni 2,7,8-trimethilidekani, maana mbili ni ndogo kuliko tatu na mabishano yaliishia hapo hapo.

Matawi ya aina tofauti hupangwa kwa alfabeti, ethili kabla ya methili, na vihesabio kama di na tri havihesabiki katika alfabeti hiyo. Hakuna siri ya kikemia katika kanuni hii. Inasaidia watu wa faharasa, basi.

Utamu unaanza mnyororo unapobeba kitu kisicho kaboni wala haidrojeni. Wanakemia huita sehemu hiyo kundi tendaji, kwa kuwa ndipo mambo yanapotendeka. Oksijeni moja iliyoshika haidrojeni moja, ikabandikwa kwenye kaboni, inaifanya kampaundi kuwa alkoholi, na jina linachukua tamati -oli. Wakati wa ugonjwa wa Uviko-19 chupa za vitakasa mikono zilijaa kila mlango, na Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mapishi mawili: moja la ethanoli asilimia 80 kwa ujazo, lingine la asilimia 75 ya kitu kilichoandikwa isopropili alkoholi. Kitu hicho hicho kwenye chupa nyingine kimeandikwa isopropanoli, kwenye nyingine 2-propanoli, na kwa kanuni za sasa ni propan-2-oli. Majina manne, kimiminika kimoja. Kati ya hayo, isopropanoli ndilo lenye kasoro ya kweli: tamati -oli lazima ibandikwe kwenye jina la mnyororo uliopo, na hakuna kitu kinachoitwa isopropani, kwa kuwa kaboni tatu bila pete zina mpangilio mmoja tu. Propan-2-oli inasema yote: kaboni tatu, vifungo vya kawaida, alkoholi katikati. Namba imesogezwa ikakaa pembeni mwa kitu inachokihesabu, badiliko lililoletwa na IUPAC mwaka 1993, na nadhani ni miongoni mwa mabadiliko yake bora.

Sasa tushuke kwenye alkoholi mbili ndogo kuliko zote. Ethanoli ina kaboni mbili na ndiyo kileo cha kila pombe, iwe mnazi, ulanzi, bia au gongo. Methanoli ina kaboni moja. Zote mbili ni maji maji meupe, zinaungua, zinalevya, na harufu zake zinakaribiana. Mei 2014 nchini Kenya makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa, Embu na Kiambu zikiwa miongoni mwake, na wengine wakapofuka, baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Tofauti kati ya majina mawili ni herufi moja iliyoongezwa mwanzoni. Ndani ya mwili tofauti hiyo inakwenda hivi.

Ini lina kimeng'enya kinachoondoa haidrojeni kwenye alkoholi na kuigeuza kuwa aldehidi, kundi ambalo tamati yake ni -ali. Kimeng'enya cha pili huongeza oksijeni na kuifanya asidi, -oiki. Mzizi haubadiliki, kwa kuwa hakuna kaboni iliyoongezwa wala kupunguzwa. Kwa ethanoli safari ni hii: ethanoli, ethanali, asidi ya ethanoiki. Ethanali ndiyo inayochangia maumivu ya kichwa asubuhi, na asidi ya ethanoiki ni siki, ambayo mwili unajua kuitumia. Kwa methanoli ni safari ile ile hatua kwa hatua: methanoli, methanali, asidi ya methanoiki. Methanali ni fomaldehidi, inayotumika kuhifadhi maiti. Asidi ya methanoiki ni ile ya majimoto, na mwili wa binadamu huiondoa polepole mno. Inajikusanya kwenye damu, inazuia seli zisitumie oksijeni, na neva ya jicho ni miongoni mwa sehemu za kwanza kuumia. Ndiyo maana anayenusurika mara nyingi hupoteza macho.

Tazama kwamba habari yote hiyo ya sumu imo ndani ya majina, kwa anayejua kuyasoma. Tamati tatu zinasimulia ini linafanya nini. Mzizi mmoja unasimulia kwa nini mwisho wa njia moja ni siki na mwisho wa nyingine ni upofu. Hata tiba inaeleweka. Kimeng'enya cha kwanza hupendelea ethanoli kuliko methanoli, kwa hiyo madaktari hospitalini wamewahi kumpa mgonjwa ethanoli kwa kipimo, kimeng'enya kikashughulika nayo, methanoli ikatoka kwa njia ya mkojo na pumzi bila kugeuzwa. Dawa ya kisasa ni fomepizoli, inayokizuia kimeng'enya hicho moja kwa moja. Hakuna jina la zamani lingeweza kumwonyesha msomaji njia hii. Ukiambiwa roho ya mti, fomalini na asidi ya sisimizi, utajuaje kwamba ni kaboni moja ile ile inayobadilishwa mavazi?

Hata hivyo IUPAC yenyewe haijatupa kila cha kale. Katika toleo la 2013 jina linalopendelewa la asidi ya siki ni asidi ya asetiki, na la sisimizi ni asidi ya fomiki. Methanoiki na ethanoiki yanaruhusiwa, lakini hayana kipaumbele. Fenoli, tolueni na asetilini nayo yamebakizwa. Toleo hilo hilo limegeuza jambo ambalo vitabu vingi vya shule bado vinalifundisha kwa njia ya zamani. Zamani mnyororo mkuu ulikuwa lazima upitie kwenye kifungo maradufu, hata kama kuna mrefu zaidi pembeni. Sasa urefu ndio unaotangulia. Kampaundi iliyokuwa 2-ethilipent-1-eni leo inapendelewa iitwe 3-methilideniheksani. Mwanafunzi mwenye mtihani mwezi ujao afuate kitabu chake cha shule. Anayeandika kwa ajili ya jarida afuate toleo jipya.

Madukani na hospitalini majina ya kanuni hayaendi mbali, na ni sawa yasiende. Muuguzi hawezi kutamka N-(4-haidroksifenili)asetamidi mara hamsini kwa siku. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wake wa kuzipa dawa majina mafupi ya kimataifa, na dawa hiyo ikaitwa parasetamoli. Marekani inaitwa asetaminofeni. Majina yote mawili yamekatwa kutoka kwenye jina moja refu la kikemia, para-asetiliaminofenoli, kila upande ukichukua silabi ulizozipenda.

Imebaki kanuni ambayo naiona nzuri kuliko zote, na mahali pazuri pa kuitazama ni Pemba. Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, hukeneka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zinapochambuliwa. Sehemu kubwa ya mafuta hayo, kama ilivyo kwa mafuta ya karafuu yenyewe, ni kampaundi moja, eujenoli. Ndiyo harufu ya karafuu, na ndiyo inayofisha ganzi pale daktari wa meno anapoichanganya na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Jina eujenoli lilitokana na Eugenia caryophyllata, jina la kisayansi la mkarafuu la zamani, na Eugenia ilipewa jina kwa heshima ya mwanamfalme Eugène wa Savoie. Wataalamu wa mimea wamekwisha kuuhamisha mkarafuu. Leo unaitwa Syzygium aromaticum. Kampaundi imebaki na jina la mwanamfalme kupitia mti ambao hauitwi tena hivyo.

Kwa kanuni ni 2-methoksi-4-(prop-2-en-1-ili)fenoli. Fenoli ni pete ya kaboni sita, ile ya benzeni, ikiwa imebeba kundi la alkoholi. Pete haina ncha, kwa hiyo swali la tuanzie wapi ni gumu zaidi hapa kuliko kwenye mnyororo. Jibu ni kwamba makundi tendaji yana vyeo. Asidi ziko juu, zikifuatwa na esta na amidi, kisha aldehidi, kisha ketoni, kisha alkoholi na fenoli, kisha amini. Makundi mengine, kama methoksi, ambayo ni oksijeni iliyoshika methili, hayana cheo kabisa. Hayawi tamati hata siku moja. Katika eujenoli kundi lenye cheo ni moja tu, la alkoholi, basi kaboni inayolibeba ndiyo ya kwanza. Kutoka hapo tunazunguka upande unaotupa namba ndogo: methoksi kwenye ya pili, na kwenye ya nne, upande wa pili wa pete, tawi la kaboni tatu. Maneno ya mabano yanalieleza tawi hilo: limeshikwa kwa kaboni yake ya kwanza, na kifungo chake maradufu kinaanzia kaboni ya pili, kwa maana hiyo kiko nchani, mbali na pete.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Unguja na Pemba zikiongoza dunia kwa karafuu, viwanda vya Ulaya na Marekani vilitumia eujenoli kutengeneza vanilini, harufu ya vanila. Biashara hiyo ilififia kuanzia miaka ya 1930, vanilini ilipoanza kupatikana kwa bei nafuu kutoka kwenye mabaki ya viwanda vya karatasi. Kazi ya viwandani ilikuwa na hatua mbili. Kwanza eujenoli huchemshwa na alkali kali, kifungo maradufu kikahama hatua moja kuelekea kwenye pete. Kisha kifungo hicho hukatwa kwa oksijeni, kaboni mbili za nchani zikaondoka, na kaboni iliyobaki kwenye pete ikawa aldehidi.

Pete haikuguswa. Methoksi iko pale pale, alkoholi iko pale pale. Ila jina la vanilini ni 4-haidroksi-3-methoksibenzaldehidi. Alkoholi, iliyokuwa ya kwanza na kushika tamati, imekuwa ya nne, na imeshushwa hadi kiambishi cha mwanzo, haidroksi. Methoksi iliyokuwa ya pili imekuwa ya tatu. Sababu ni kwamba aldehidi imezaliwa upande wa pili wa pete, nayo ina cheo kuliko alkoholi, kwa hiyo hesabu imehama ikaanzia kwake. Mwanafunzi anayeziona namba hizi mbili kwa mara ya kwanza hudhani atomi zimehamishwa. Zilizohama ni namba, na zimehama kwa sababu sehemu inayotawala tabia ya molekuli sasa iko kwingine.

Kampaundi ya katikati, ile iliyopatikana baada ya alkali na kabla ya oksijeni, huitwa isoeujenoli, na ndiyo inayotuonyesha kwamba jina linaweza kutimia kwa namba zote na bado likapungukiwa. Kifungo cha kawaida kinazunguka. Kifungo maradufu hakizunguki. Kwa hiyo vitu viwili vilivyoko kwenye ncha zake vinaweza kukaa upande mmoja au pande mbili tofauti, na hizo ni kampaundi mbili. Robert Cahn, Christopher Ingold na Vladimir Prelog waliweka utaratibu wa kuamua kipi kati ya vilivyoshikwa kina uzito, kwa kufuata namba ya atomi: kaboni huishinda haidrojeni. Vyenye uzito vikiwa upande mmoja tunaandika Z, vikiwa pande tofauti E, herufi za kwanza za maneno ya Kijerumani zusammen na entgegen. Katika isoeujenoli inayopatikana kwa wingi zaidi, pete na methili ziko pande tofauti. Jina lake kamili ni 2-methoksi-4-[(1E)-prop-1-en-1-ili]fenoli, na kwa yaliyosemwa katika sura hii msomaji anaweza kuchukua kalamu na kuichora yote: pete yenye alkoholi kwenye kaboni ya kwanza, methoksi kwenye ya pili, na kwenye ya nne tawi la kaboni tatu ambalo kifungo chake maradufu kinaanzia pale pale linaposhikana na pete, methili yake ikiwa imeelekea upande usio wa pete.